Jibu Langu Kuhusu Pangani

Kabula, ng'wana wane, mwanangu,

Marahaba. Naanza na marahaba kabisa, maana nakujua: ukiifungua barua hii utanung'unika shikamoo ya kejeli, ile unayonipa ukiwa umenikasirikia.

Umetoka asubuhi kwenda Samuye kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hakuachii mpaka kuku amechinjwa na umefungiwa michembe, viazi vyetu vya kukausha, ya kulisha mkoa wa Tanga. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimekaa hapa barazani, malori ya Kahama yanapita na vumbi lake, nimechukua moja ya madaftari ya mama yako ambayo hayakuandikwa. Kesho basi linapita hapa Tinde alfajiri, na wewe umeshaniambia wazi: kama mimi siji, na wewe huendi. Utarudisha kibali cha uhamisho, utabaki kwenye zahanati yako hapa, na habari ya Pangani itaishia hapo. Umeniuliza mara tatu. Mara zote tatu nimekujibu "tutaona". Leo nakujibu, tena kwa kuandika, kwa sababu mdomo wangu ukilikaribia neno lenyewe unaanza habari za ng'ombe.

Mambo ya kufunga mizigo na kuangalia mikoba stendi sikuandikii. Wewe ni muuguzi, una miaka thelathini na miwili, umezalisha wanawake wengi kuliko ndama niliowaona wakizaliwa. Mlenda hujui kupika, lakini hilo mimi na mama yako tulikubali kushindwa mapema, na huko nasikia kila kitu wanatia nazi, labda utapona.

Nataka nikwambie jinsi Pangani ilivyoingia nyumba hii mara ya kwanza. Vipande vyake unavijua. Kisa kizima hujawahi kukisikia, na mwenye kosa ndiye anayepaswa kukisimulia.

Ulikuwa darasa la nne. Walimu walikuwa na utaratibu huu huu mnaoutumia ninyi wauguzi: ukitaka kuhama, tafuta mwenzako wa huko anayetaka kuja kwenu, mbadilishane vituo. Ugumu ni kumpata, maana nani wa pwani anataka kuja kula vumbi la Tinde? Mama yako akampata. Alikuwa mwalimu aliyesoma naye chuoni, mzaliwa wa Maswa, aliyepangiwa Pangani na akashindwa kuzoea. Alimwandikia mama yako kwamba yuko tayari hata kesho, mama yako aseme tu.

Mimi wakati huo nilikuwa Nyarugusu, mwaka wa pili kwenye shimo, au duara kama tunavyoita wachimbaji. Tulikuwa watano. Sheria ya duara haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Mshahara hakuna. Mnachimba, mnakula maharage ya mwenye duara, na siku mawe yenye dhahabu yakitoka kila mmoja anapata mifuko yake. Ukiondoka kabla ya siku hiyo unaondoka na blanketi lako, hata kama ilibaki siku moja. Jasho lako la miaka miwili linabaki chini, wenzako ndio watakaolila. Ndiyo maana mchimbaji haondoki. Atauguliwa, atafiwa, ataletewa habari kwamba mkewe amejifungua, atasema ngoja kwanza mawe yatoke. Mimi mwenyewe siku mama yako anakuzaa wewe nilikuwa kwenye duara jingine, chini futi nyingi, na nilipopandishwa juu na kuambiwa, nilifurahi sana, nikanywa chai, nikashuka tena. Hilo nalo unalijua, umenitania nalo miaka yote.

Mama yako hakuniandikia. Alikuja mwenyewe mpaka machimboni na viatu vyake vya ualimu, vile vyeusi, vikawa vyekundu mpaka juu. Wenzangu wakaacha kutukana ghafla, kila mtu anamwamkia mwalimu. Akakaa juu ya magogo tuliyokuwa tunayapeleka chini kuzuia kuta zisianguke, akatoa fomu kwenye mkoba, akanieleza yote. Nikamsikiliza. Kisha nikamuuliza, kuna nini huko Pangani?

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana nataka kwenda."

Mwanangu, nililiona jibu la kipuuzi. Mimi ni mtu niliyezoea kuuliza kuna nini chini ya hapa na kujibiwa kwa futi na kwa rangi ya udongo. Mtu mzima anaacha nyumba, ng'ombe na ukoo wake kwa sababu hajui? Lakini sasa nafikiri juu ya mama yako, ambaye kila mwaka alisimama mbele ya watoto wa Tinde akawafundisha habari za bahari. Alichora mawimbi kwa chaki ya bluu, akaeleza maji kujaa na kupwa, mikoko, chumvi, na yeye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni bwawa la Songwa. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza, mwalimu, ukisimama pale ufukweni ng'ambo inaonekana? Alikuja kunisimulia akicheka, lakini alikiri kwamba alimjibu yule mtoto kwa kubahatisha. Mtu mwenye akili kama yake alikuwa amechoka kubahatisha.

Nikamwambia, ngoja mawe yatoke.

Hakubishana. Aliikunja fomu, akaniuliza kama nimekula, akanipa michembe aliyokuja nayo, akarudi na gari la jioni.

Yule mwalimu wa Pangani aliandika barua ya pili, akauliza imefikia wapi. Mama yako akamjibu, mume wangu anamalizia kazi, tuvumilie. Ikaja ya tatu. Ya nne ilikuwa ya kuomba radhi: amepata mwenzake wa Kahama ambaye yuko tayari, wamekwisha kujaza fomu, na yeye hawezi kungoja tena kwa sababu baba yake ni mgonjwa. Mama yako akaisoma, akaiweka na zile nyingine, akaenda shuleni.

Mawe yalitoka miezi minane baadaye. Unasikia watu wanasema fulani alipoteza miaka yake machimboni hakupata kitu. Mimi nilipata. Nyumba hii ninamoandikia barua, sakafu hii ya saruji, bati hili, vyote vimetoka kwenye duara lile. Nilirudi na lori, nimekaa mbele na dereva kama bwana harusi, na watu wakatoka kutazama. Mama yako akaniambia asante, hongera, akafunga kanga kiunoni akaanza kusaidia kushusha bati. Nilimtazama nikingoja afurahi zaidi. Nilikasirika kwamba hafurahi zaidi. Jioni ile nikamwambia, umeona sasa, kama ningeondoka tungekosa vyote hivi. Akasema nimeona. Na mimi mjinga nikaridhika.

Miaka kadhaa niliisimulia kama hadithi ya ushindi. Wewe umeisikia hivyo, kila mgeni alipoingia. Mama yako alikuwa anakaribisha chai wakati naisimulia.

Siku moja, ulikuwa umeshaanza chuo cha uuguzi, tulikuwa hapa barazani tunamenya karanga za mbegu. Sijui nini kilinituma, labda ukimya, nikamuuliza kama anaikumbuka ile habari ya Pangani. Akasema anaikumbuka. Nikamuuliza kama ananilaumu kwa kukataa.

Akaendelea kumenya. Akasema, "Wewe hukukataa, Baba Kabula. Ungekataa ningekwenda. Ningemchukua mtoto, ungenuna mwaka mmoja, halafu ungenifuata. Wewe uliniambia ningoje."

Alisema bila hasira yoyote, kama anayenisahihishia hesabu. Na mimi nikaanza kupepeta maganda kwenye ungo. Kabula, kutoka siku ile mpaka leo sijapata kulala vizuri nikilikumbuka neno lile. Maana ni kweli. Neno hapana angeweza kupambana nalo, angelia, angeenda kwa wazee, angepanda basi. Neno ngoja halina pa kushikia. Linamheshimu mtu na kumfunga hapo hapo. Nilimfunga mama yako kwa upole, na yeye kwa sababu alinipenda akakaa.

Sikumwambia samahani. Nilisema karanga mwaka huu zina wadudu. Nilidhani siku ya kulisema ipo. Kisha akaugua, wiki mbili tu, wewe mwenyewe ulikuwepo na ulimshika mkono, na watu walijaa chumbani, shangazi zako, walimu, wanakwaya, na mimi ni mtu wa kuona haya. Nikangoja watu wapungue. Hawakupungua.

Sasa nije kwako.

Mama yako alipozikwa hapo nyuma ya nyumba, uliomba uhamisho kutoka Geita mjini ukaja Tinde. Ulisema umechoka na kelele za mjini. Sikukuamini hata siku moja, lakini nilifurahi mno, nikanyamaza. Ulikuja kwa ajili ya kifua changu. Unajua kuliko mimi vumbi la mwamba lilivyokaa humu ndani. Ukisikia nakohoa unahesabu, nakuona midomo inavyocheza. Umekaa nami miaka mitatu. Nimekula chakula cha moto miaka mitatu, nimecheka, nimegombana na mtu kuhusu redio. Kama kuna mzee Shinyanga hii aliyetunzwa kunizidi, sijamwona.

Halafu mwaka jana mkapelekwa semina Tanga, na Jumapili wenzako wakakupeleka Pangani kutembea. Ukarudi. Ulinieleza mji mdogo, kwamba ukitembea taratibu unaumaliza kabla chai haijapoa, kwamba mto unaingia baharini palepale na watu wanavuka kwa pantoni kwenda shambani na kurudi, na kwamba kina mama wa kliniki waliwacheka mnavyotamka. Nikakuuliza, kwa mazoea yangu, kuna nini huko? Ukanitazama. Ulikuwa na uso wa mama yako pale juu ya magogo, ule ule, na mimi nikainuka nikaenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kisha ukampata Limi, muuguzi wa huko anayetaka kurudi kwao Songwa. Kibali kikatoka. Na wewe, badala ya kufunga mizigo, ukaja na sharti lako: twende wote, baba, la sivyo nabaki. Nikasema tutaona. Hebu sikiliza mwenyewe. Tutaona na ngoja yana tofauti gani? Nimezeeka, nimepata mvi, nimebadilisha neno tu.

Kuna jambo jingine sijakwambia. Jumanne ile niliyosema naenda mnadani, sikwenda mnadani. Nilikwenda Songwa kumtafuta mama yake Limi. Nakwambia ukweli kwa nini: nilitaka kukuta ana watoto wengine watano wamemzunguka, wajukuu wanamletea maji, hana shida na Limi wala na mtu. Nirudi nikuambie yule mama ameridhika, hakuna haja ya haraka, mnaweza kuliacha jambo hili. Nilikuwa natafuta pa kuegemea.

Nikamkuta peke yake. Mguu mmoja unaburuta, amechanganya udongo kwenye karai, anakandika ukuta wa chumba. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa mimi ni baba wa yule wa Tinde. Akafurahi, akataka kuosha mikono aniandalie kiti, nikamzuia, nikachukua udongo nikaanza kukandika naye. Akanieleza kwamba chumba ni cha Limi. Limi ameondoka miaka kumi na moja, anarudi likizo moja moja kama mgeni, na safari hii anarudi kabisa, kwa hiyo hataki alale kwenye ukuta wenye nyufa. Tukafanya kazi kama saa nzima. Mimi nikakohoa kidogo, yeye akapumzisha mguu. Ndipo akaniambia, kwa Kisukuma chetu, taratibu:

"Unatoa wako ili mimi nipate wangu. Utaweza?"

Nikasema tutaona.

"Hilo si jibu, Baba Kabula. Mimi nimeshakandika."

Nilirudi nyumbani na udongo kwenye kucha, ukaniuliza nimenunua nini mnadani, nikasema bei zimepanda. Nisamehe kwa uongo ule. Kwa hiyo ujue kwamba ukirudisha kibali kesho, hutakuwa umebaki na baba yako tu. Utakuwa umemzuia binti mwingine njiani. Sikwambii ili nikubebeshe mzigo. Nakwambia kwa sababu mimi nilikijua kisa cha mwalimu wa Maswa na baba yake mgonjwa, nikajifanya hakinihusu.

Nimejaribu kwa uaminifu kujiona Pangani. Wiki hizi zote, ukiwa kazini, nimekaa hapa nikajaribu. Najiona nimekaa mlangoni kwa nyumba yako, sina ng'ombe wa kuwatazama, namsalimia kila anayepita mwangaluka na hakuna anayeitika. Hilo ningelizoea, watu huzoea. Najiona nikikuuliza kila jioni turudi lini kusalimia. Hilo nalo ungelivumilia, maana umerithi uvumilivu wa mama yako, na ndio unaonitisha. Ungepanga zamu zako kwa kifua changu. Ungempenda mtu ukamwambia ngoja kwanza, nina mzee.

Lakini hizo ni sababu za mdomoni, nimeziandika kwa sababu ni za kweli na ni nyepesi. Sababu yenyewe ni hii. Mama yako alitaka kwenda baharini, mimi nikamweka hapa. Yuko hapo nyuma, hatua thelathini kutoka ninapokaa, kwenye udongo ambao hakuutaka sana. Siwezi mimi sasa, niliyemzuia, kufunga begi langu nikaenda kuota upepo wa Pangani na kumwacha hapa peke yake. Unaweza kuniambia amekufa, haoni, hasikii, na kwa uuguzi wako uko sahihi. Mimi nitabaki naye. Ndiyo samahani pekee niliyonayo, na nimechelewa nayo vya kutosha.

Kwa hiyo sikiliza, na ukitaka kupiga kelele piga, barua hii nakupa mkononi, siifichi kwenye begi lako ili uisome Singida huko mimi nikiwa mbali. Jibu langu ni hapana. Siji. Siji kesho, siji baada ya mavuno, siji Krismasi kuhamia. Usiniwekee chumba. Usimwambie mtu yeyote huko kwamba baba yako yuko njiani.

Na mimi sikuombi ruhusa kama mama yako alivyoniomba, na wewe usiniombe. Kuhusu kifua: mke wa baba yako mdogo amekubali kuja asubuhi na jioni, dawa nimemwonyesha zilipo. Inawezekana nikafa wewe ukiwa huko. Nimeliandika waziwazi ili lisikuvizie. Likitokea, utakuja, utalia, utanizika kando ya mama yako, na utarudi kazini kwako Pangani, na hakuna siku hata moja utajiambia kwamba ungebaki ningepona. Mimi ndiye mgonjwa na mimi ndiye ninayekwambia.

Usidhani nimepoa. Tangu asubuhi nimeingia chumbani kwako mara nne. Nimelishika shuka lako nikaliweka. Nikifikiria jioni ya kesho, mlango ule umefungwa na hakuna wa kuniambia nipunguze redio, kifua kinabana kwa kitu ambacho si vumbi. Nitakukumbuka mno, mwanangu. Nitakuwa nageuka kukwambia jambo na hupo. Nitakasirika na watu wasio na makosa. Na ukipiga simu nitasema niko salama, ng'ombe wazima, mvua bado, na wewe utajua.

Jua limeanza kushuka, nafikiri wewe na michembe yako mko njiani. Ukifika nitakuwa nimekaa hapa hapa. Nitakupa barua, nitaenda zizini mpaka umalize kusoma, halafu nitarudi, na ukiniuliza kwa mdomo nitakujibu neno hilo hilo.

Ukimaliza kusoma utatafuta kama kuna mahali nimesema sitaki uende. Usitafute, nakuonyesha mwenyewe. Nenda, Kabula.

Ni mimi baba yako, ninayetaka ubaki.